"Huku kwetu hakuna majanga": tuliongee hili kabla kusi haijaingia

Mwana_Mkomani (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wana-jukwaa, na habari za jioni kwa nyote.

Uzi huu umezaliwa barazani juzi baada ya isha. Kijana mmoja wa bara, amekuja Lamu kikazi, alituuliza kama mji wetu una mpango wowote wa dharura. Mzee aliyeshika kikombe cha kahawa akacheka hadi akapaliwa. "Majanga? Hapa? Volkano hatuna, tetemeko hatuna, kimbunga hakijui ndia ya kuja. Janga letu ni bei ya petroli." Baraza zima likaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Nilipofika nyumbani nikawa nageuka kitandani.

Nusu ya maneno ya mzee ni kweli. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya ni la Subukia, tarehe 6 Januari 1928, na Subukia iko Bonde la Ufa, mbali na sisi. Kimbunga nacho huzungushwa na mzunguko wa dunia wenyewe, na ukikaribia ikweta nguvu hiyo hupungua mpaka upepo unashindwa kujikunja. Lamu tuko nyuzi 2 na kidogo kusini ya ikweta, Malindi nyuzi 3. Ndiyo maana vimbunga hivi tunavisikia Msumbiji na Madagaska.

Ila nusu ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Wenye umri wangu mnakumbuka Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilipiga karibu na Sumatra, huku kwetu ikiwa kama saa kumi alfajiri. Maji yakatufikia saa sita na kitu mchana. Somalia walikufa karibu watu 300. Tanzania zaidi ya 10. Kenya nzima, mtu mmoja. Tangu siku hiyo tukishika tama barazani tunasema "sisi tuna bahati", na tunaiongea hiyo bahati kana kwamba ni ukuta uliojengwa.

Wavuvi mnisahihishe hapa. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo bahari ilikuwa bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana. Bamvua letu hujaa saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne. Hesabu basi: mawimbi yalipofika, maji yalikuwa bado chini, ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Yalichopiga ni mchanga na miamba mitupu. Yangechelewa saa nne tu, yangelikuta bamvua limejaa, limeshafika kwenye ngazi za gati na kuchungulia barabara ya mbele. Baina ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna karibu mita 3 za maji.

Swali langu: siku tukikosa hizo mita 3, tuna nini?

Mtu_wa_Langoni

Umeanza. Mji huu una mamia ya miaka, umeona Wareno, umeona vita vya Shela, na bado umesimama. Kuna dua zinazosomwa hapa usiku na mchana. Acheni kutisha watu, watalii wenyewe ndio hao wa kuhesabu.

Bi_Swafaa

Mwanangu, dua tunasoma sote. Lakini Mtume (SAW) alimwambia yule bwana amfunge ngamia kwanza, kisha amtegemee Mola. Sisi ngamia hatuna, punda tunao.

Mtu_wa_Langoni

Punda wa Lamu hafungwi, Bi Swafaa.

Bi_Swafaa

Ndiyo maana ukimtafuta usiku humpati ila jaani.

Nahodha_Mstaafu

Hesabu ya Mwana_Mkomani ni sawa. Siku ile nilikuwa nimetia nanga mlango wa bahari wa Manda, nangoja maji ya kutosha nipite. Maji yakaanza kuja kama kawaida ya bamvua. Mara mashua ikazunguka kwenye nanga yake, omo, yaani pua yake, ikageukia nilikotoka. Upepo ni kaskazi, haukubadilika. Nikatazama chini, maji yanatoka! Yanatoka kwa kasi kama mto, na wakati wake ni wa kuingia. Baada ya muda yakarudi tena, kwa kishindo, yana takataka na majani ya mikoko. Kisha yakatoka. Yalifanya hivyo mara tatu au nne kabla ya magharibi. Miaka arubaini baharini sijapata kuona mwezi unasema hivi na maji yanasema vile.

Sikujua jina la kitu hicho mpaka usiku, nilipofika nyumbani nikakuta watu wamekusanyika kwenye televisheni ya jirani.

Lakini vijana, niwaambie kitu. Nimezika watu wengi wa bahari, na hata mmoja hakuuawa na tsunami. Wote ni kusi, upepo mkali wa kusini. Boti imejaa, mashine moja, jioni, mtu ana haraka ya kuwahi harusi au maziko. Ukitaka kuongea majanga ya Lamu, anza hapo.

Duka_la_Amu

Nahodha sema! Na jaketi za kujiokolea je?

Nahodha_Mstaafu

Jaketi zipo. Ziko chini ya omo, zimefungwa kamba pamoja kama mzigo wa kuni, fundo la miaka miwili. Hutolewa siku ya ukaguzi, zinaanikwa, zinarudishwa. Mwaka jana nilivuka kwenda Mokowe na boti ya kijana ninayemjua tangu anatambaa. Nikamwambia nipe jaketi nivae. Akaona haya, akaanza kufungua fundo kwa meno. Alipotoa moja, kifungo cha mkanda kilikuwa kimeota kutu, na ndani kumeoza, kunanuka dizeli na papa. Nikalivaa hivyo hivyo. Abiria wakanicheka, mzee anaogopa maji! Yule kijana hakucheka.

Mwalimu_Darini

Nifundishaye nipo hapa. Muhula uliopita darasa la nne niliwauliza: mko ufukweni, hakuna dalili ya chochote, ghafla bahari inarudi nyuma mbali mbali mpaka mnaona miamba ambayo hamjawahi kuiona. Mtafanya nini?

Darasa zima, kwa sauti moja: "Tutaokota pweza!"

Nilicheka, jamani, sikujizuia. Halafu nikaketi. Maana jibu hilo ni sahihi kwa siku zote za maisha yao isipokuwa moja. Mama zao wamewafundisha kwamba maji yakipwa ni wakati wa kushika kijiti na kwenda mwambani. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyolelewa. Nikafuta ubao tukaanza upya: maji yakipwa kwa wakati wake, chukua kijiti. Maji yakipwa si wakati wake, acha kijiti, acha ndoo, acha viatu, panda juu. Na ukishapanda usishuke wimbi la kwanza likipita, maana kama alivyosema Nahodha hayaji mara moja, na la kwanza si lazima liwe ndilo kubwa.

Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wakati wake tutaujuaje?" Hapo ndipo nilipogundua kwamba nusu ya darasa hawajui kuhesabu bamvua na maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, kwa mwezi. Watoto wa Lamu! Wanajua kila kitu cha simu.

Sabaki_Kahawia

Nawasalimu kutoka Malindi. Nyinyi mna bahari tu, sisi tuna bahari na mto.

Mgeni akija Malindi mwezi wa tano akiona ghuba imekuwa rangi ya chai ya maziwa anadhani tumemwaga kitu. Ni udongo wa bara huo. Mto wetu Sabaki ndio huo huo Galana, na Galana ni Athi na Tsavo zilizokutana. Mvua ikinyesha pande za Nairobi, sisi ndio tunaopokea barua, tena kwa siku chache baadaye, jua likiwa linawaka kabisa. Mtu wa Malindi anaweza kuzama na mji wake mkavu.

Na kuna kioja kimoja hakisemwi. Mafuriko yakija jambo la kwanza tunalokosa ni maji. Malindi tunakunywa maji ya Baricho, na Baricho iko ukingoni mwa Sabaki. Mto ukifura, umeme ukakatika huko au bomba likachukuliwa, mfereji wako mjini unakohoa hewa. Mwaka mmoja tulikaa siku nne hivi. Nje mashamba ya watu yamekuwa ziwa, mimi ndani namwogesha mtoto kwa maji ya chupa za dukani. Nilipiga simu ofisi inayohusika mara sita. Mara ya sita yule dada akaniambia, "Kaka, hata sisi hapa ofisini hatuna."

Tangu siku hiyo nina mapipa mawili uani, yamefunikwa, na kila Ijumaa nayabadilisha. Mke wangu anayaita "wake wenza".

Mtu_wa_Langoni

Hahaha, wake wenza wasiodai nauli. Lakini hayo ya mto ni ya Malindi. Lamu hatuna mto.

Duka_la_Amu

Hatuna mto? Novemba 2023 nguo, sukari na vitunguu vyangu vilikuwa wapi? Tana ilimwaga, barabara ya Garsen ikakatika Gamba na Lango la Simba, magari yakasimama. Tana inajazwa na Mlima Kenya na Aberdare, huko ambako wengi wetu hatujafika. Hapa kisiwani hakukuwa na tone la ajabu. Watu wakaja dukani asubuhi wakakuta rafu tupu wakanitazama mimi kama nimeificha. Gesi ikaadimika, nyanya zikawa zinauzwa kwa kuhesabu.

Kisiwa kinakula kwa barabara moja na mlango mmoja wa bahari. Mkanieleza tena kwamba hatuna mto.

Aprili mwaka uliofuata ndipo ile boti ilipopinduka Tana kule baina ya Kona Punda na Mororo, watu wanavuka kwa sababu barabara imemezwa. Hao hawakuwa wavuvi wala watalii. Walikuwa wasafiri kama wewe na mimi, wamechoka kungoja.

Zamani_Sharjah

Naomba kuongeza sauti ya aliyeishi "nchi isiyo na majanga" ya kweli kweli.

Nimekaa Emirati miaka tisa. Kule ukitaja mafuriko watu wanakutazama. Jangwa, bwana! Mvua ikinyesha nusu saa watu hutoka kupiga picha. Tarehe 16 Aprili 2024 ikanyesha. Sehemu moja ya Al Ain zilipimwa milimita 254 kwa muda usiofika siku moja, na serikali yao ikatangaza haijaona kama hiyo tangu walipoanza kuweka rekodi, miaka 75 nyuma. Hela wanazo, barabara wanazo, kila kitu wanacho. Uwanja wa ndege wa Dubai ulikuwa ziwa.

Mimi nilikuwa Sharjah, ghorofa ya kumi na moja. Nikajisemea sina wasiwasi, maji yatanifikiaje huku? Hayakunifikia. Lakini yaliingia chumba cha chini, umeme ukazimika, lifti ikafa, na pampu ya maji ikafa pamoja nayo. Mtaa wetu ulikaa ndani ya maji siku kadhaa. Nikawa nashuka ngazi kumi na moja, navuka maji ya mapajani mpaka duka la Mhindi wa Kerala, napanda na chupa ya lita ishirini begani. Ghorofa ya sita kulikuwa na bibi mmoja wa Kisudani anaishi peke yake. Siku ya pili ndiyo nilipojua kwamba yupo. Miaka minne jengo moja! Tangu hapo nikawa napanda na chupa mbili.

Nchi ile ilijiandaa kwa kila kitu ila kwa kile ilichoamini hakiji.

Mwana_Mkomani

Zamani_Sharjah, hapo kwenye bibi wa ghorofa ya sita umenigusa. Nitarudi hapo.

Kuhusu onyo. Baada ya 2004 bahari yetu ilifungiwa mtandao wa tahadhari, na tangu 2011 Australia, India na Indonesia ndizo zinazotuma taarifa kwa nchi zote za Bahari Hindi. Kenya hupokea kupitia Idara ya Hali ya Hewa. Kwa hiyo tetemeko likitokea Sumatra, Nairobi wanajua ndani ya dakika. Na tuna saa kama nane, maana wimbi hilo kwenye kina kirefu linakwenda mwendo wa ndege lakini njia ni ndefu. Saa nane unaweza kuhamisha mji mzima pamoja na punda.

Shida ni kutoka Nairobi mpaka kwa mama aliye mwambani Kipungani na kijiti chake, simu ameiacha nyumbani. 2004 Mombasa polisi waliwahi kuwatoa watu ufukweni. Huku kwetu Nahodha alijua jina la kitu usiku.

Tena kumbukeni, tetemeko la Sumatra sisi hatulisikii. Anayengoja ardhi itikisike ndipo akimbie, hapa atangoja sana.

Kikombe_Mvita

Kutikisika kupo lakini. Agosti 2020 nilikuwa Mombasa ghorofa ya nne, usiku, chai ikaanza kucheza kikombeni. Tetemeko lilikuwa la pwani ya Tanzania, kama la ukubwa wa 6. Majirani wote tukashuka chini, halafu tukasimama pale chini ya ukuta na nyaya za stima, tunashangaa. Hakuna aliyejua pa kusimama.

Mtu_wa_Langoni

Na Kimbunga Hidaya je? Mei 2024 mkatupigia kelele, tukaambiwa tusiingie baharini, wavuvi wakalala njaa. Kikaja nini? Upepo tu. Mtu ataamini onyo la pili?

Nahodha_Mstaafu

Kilipiga Mafia, mwanangu. Kutoka Mafia mpaka hapa kimbunga kingeweza kufikiri tena. Mimi siku ile nilipandisha mashua, nikala muhogo siku mbili. Hasara yangu ni muhogo.

Tena nikupe hadithi. Unguja ni nyuzi 6 tu, na mwaka 1872 kimbunga kiliwakuta, kikalaza mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani Barghash. Nao kabla ya hapo walikuwa na baraza lao na mzee wao wa kahawa.

Bi_Swafaa

Mbona hakuna aliyetaja moto? Wanaume mnapenda mambo ya bahari.

Mimi ninaogopa moto kuliko yote hayo. Nyumba za mawe zina kuta za kutosha, lakini juu ni boriti na makuti, na baina ya nyumba na nyumba unaweza kumpa jirani chumvi dirishani. Gari la zimamoto halipiti, hata mkokoteni unabishana na punda. Nilikuwa msichana moto ulipotokea mtaa wa nyuma yetu, usiku wa kaskazi. Sikuona moto kwanza, niliona cheche zinapita juu ya wikio, lile daraja la kuunga nyumba mbili juu ya njia, kama kumbikumbi. Baba hakukimbilia ndoo. Alipanda juu ya paa letu wenyewe na panga, akaanza kukata kamba na kuyatupa makuti yetu chini, mazima, mapya, yaliyosukwa mwezi ule ule. Mama analia, "Unatuvunjia nyumba!" Majirani wa upande wa pili wakaelewa wakafanya vivyo hivyo. Moto ulifika kwenye kuta zetu ukakosa pa kukanyaga. Tulilala chini ya nyota wiki mbili.

Yeo ukimwambia mtu apande na panga juu ya paa lake la wageni la mamilioni atakupeleka polisi.

Mwalimu_Darini

Bi Swafaa, hii nitaisimulia darasani kwa ruhusa yako.

Na tukiwa hapo, mchanga wa Shela. Ile milima ndiyo inayoshika maji yetu matamu, mvua inazama mchangani inakaa chini. Tena ndiyo kifua chetu upande wa bahari kuu. Kila mwaka kuna mtu anataka kujenga juu yake. Wazee wanasema Takwa, mji wa kale kule Manda, ilihamwa visima vilipoingia chumvi, na waliohama walikuja hapo hapo Shela. Na mikoko ndiyo hiyo hiyo: zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, tukiikata tunajivua nguo mbele ya wimbi.

Sabaki_Kahawia

Sasa tufanye nini? Sitaki semina, semina nimekula soda za kutosha.

Mwana_Mkomani

Mimi nitafanya haya, na sikulazimishi. Namba mbili nimeziandika kwa rangi ukutani ndani ya mlango: 999, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, maana simu ikizima kumbukumbu yake inazima nayo. Mtungi na madumu yajae kabla ya kusi. Tochi iwe na betri zake, si ile ya simu. Hati za nyumba na vyeti vya watoto vimo ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko uko juu, si kwenye sanduku la chini ya kitanda alikozaliwa panya.

Na lile la bibi wa Sharjah. Mtaa wetu nimeanza kuhesabu nani anaishi chini peke yake, nani hatembei, nani ana ghorofa. Nimefika nyumba kumi na nne. Wawili wameniuliza kama ninagombea udiwani.

Duka_la_Amu

Nahodha, nikiagiza jaketi ishirini Mombasa utazungumza na vijana wa gati? Nitauza kwa bei ya kununulia, Wallahi. Ila sharti: hazifungwi fundo.

Nahodha_Mstaafu

Agiza. Za watoto tano humo, jaketi la mtu mzima mtoto huchomoka chini kama dagaa kwenye wavu. Yule kijana wangu mwenye fundo atachukua wa kwanza, nitakaa naye mwenyewe.

Mtu_wa_Langoni

Sawa, mmeshinda kwa wingi. Swali moja, na msicheke. Nyumba yetu haina ghorofa, na mama ana miguu mibovu tangu mwaka juzi. Sisi tutapanda kwa nani?

Bi_Swafaa

Wewe ni mtoto wa nani pale Langoni? Ile nyumba yenye mwembe uani?

Mtu_wa_Langoni

Ndiyo, shangazi. Mwembe ulikatwa.

Bi_Swafaa

Basi mama yako nilisoma naye chuoni. Ngazi zetu ni kumi na saba na zimesimama kama minara, mtambeba na kiti, wawili mbele wawili nyuma. Njoo kesho baada ya alasiri uzitazame, na uje na huyo wa pili wa kubeba.